Mashua kuukuu kwa dola 553 na senti 62

Msikilizaji mpenzi, wahenga wa pwani walisema vyaelea vimeundwa. Msemo huo huwasifu waundaji, nao wanastahili sifa. Lakini aliyewahi kusimama ufukweni Kunduchi au Bagamoyo maji yakiwa yamekupwa ameona kwamba kazi inayomeza siku nyingi za mafundi si kuunda kipya, bali kukiuguza kilichochoka. Jahazi hupandishwa mchangani, mwani na makombe yaliyogandamana hukwanguliwa, ubao uliooza hung'olewa, pamba ya kalafati hushindiliwa upya katika maungio, chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na bamvua likija chombo hurudi majini. Ni kazi ya karne na karne, na mara chache sana gharama yake huandikwa. Mwenye chombo huijua kwa maumivu ya mfukoni tu, na fundi huijua kwa maumivu ya mgongo.

Kwa sababu hiyo juma hili nimeichukua habari ya mashua moja iliyofufuliwa mbali sana na kwetu, huko Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nimeichukua kwa kuwa mwenyewe aliweka hesabu, na hesabu yake ikachapishwa kitabuni, hata senti. Alitumia dola 553 na senti 62.

Bwana huyo aliitwa Joshua Slocum. Alizaliwa Nova Scotia, Kanada, tarehe 20 Februari 1844, akakimbilia bahari angali kijana, akapanda ngazi kutoka ubaharia wa kawaida hadi unahodha wa merikebu kubwa za matanga. Mwaka 1887 merikebu yake mwenyewe, iliyoitwa Aquidneck, ilipanda mchanga katika pwani ya Brazil ikavunjika. Mtu mwingine angetafuta nauli ya kurudi nyumbani. Slocum, pamoja na mkewe Hettie na watoto wake wawili wa kiume, aliunda mashua ya futi 35 huko huko, mkewe akashona matanga, wakarudi nayo Marekani. Waliishusha majini tarehe 13 Mei 1888, siku utumwa ulipofutwa Brazil, wakaiita Liberdade, maana yake uhuru. Nakuomba uikumbuke mashua hiyo, msikilizaji, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye hesabu.

Sasa tuje mwaka 1892. Slocum ana umri wa miaka 48, yuko mjini Boston, hana kazi. Si kwamba amesahau kazi. Kazi ndiyo iliyomkimbia. Meli za moshi zilikuwa zimetawala. Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869 ulikuwa umefupisha njia ya kwenda India na China, lakini umefupisha kwa meli za moshi; merikebu ya matanga haikuweza kuupita mfereji kwa nguvu zake yenyewe, na pepo za Bahari ya Shamu ni za kumkatisha nahodha tamaa. Merikebu ndefu zilizokuwa fahari ya Marekani zilikatwa milingoti zikageuzwa kuwa matishari ya makaa ya mawe, yakikokotwa kutoka bandari hadi bandari. Slocum alijaribu kuomba kazi ya mikono katika kiwanda cha kuunda meli, akaambiwa alipe kwanza dola 50 kwa chama cha mafundi. Dola 50 hakuwa nazo za kutupa.

Ndipo alipokutana na nahodha mzee wa kuvua nyangumi, Eben Pierce, akamwambia: njoo Fairhaven, nitakupa chombo, ila kinahitaji matengenezo kidogo. Hilo neno kidogo, sote tuliowahi kuuziwa gari la mkononi tunalifahamu.

Slocum akaenda kesho yake. Alichokikuta ni mashua kuukuu ya mlingoti mmoja, ya kuvulia chaza, jina lake Spray. Haikuwa majini wala kando ya maji. Ilikuwa shambani, imeegemezwa kwa magogo na kufunikwa turubai, na ilikuwa imekaa hivyo kwa miaka saba. Majirani walisema kwa mzaha kwamba iliundwa mwaka wa kwanza wa dunia. Mahali penyewe wenyeji walipaita Poverty Point, ambayo kwa Kiswahili ni Rasi ya Umaskini. Sikulitunga mimi jina hilo. Watu walipomwona mgeni ana shoka, waliuliza kama amekuja kuivunja. Aliposema amekuja kuiunda upya, walistaajabu, na swali lililofuata likaendelea kuulizwa mwaka mzima: je, italipa?

Sasa tazama alivyofanya, kwa maana hapa ndipo penye darasa kwa mtu mwenye chombo kibovu na mfuko mwembamba.

Kwanza aliukata mwaloni mnene uliokuwa karibu, ukawa mkuku. Mkulima wa jirani akamkokotea gogo hilo pamoja na miti ya mataruma kwa malipo madogo. Akatengeneza sanduku la mvuke lenye chungu cha kuchemshia maji, akayapika mataruma hadi yakalainika, akayapinda juu ya gogo na kuyafunga mpaka yakashika umbo. Mitufaha ilikuwa inachanua mataruma yaliposimama. Mbao za ubavuni zilikuwa za msonobari wa Georgia, unene wa inchi moja na nusu. Mti wa omo, ule unaopasua maji, aliuchagua kutoka shina la mwaloni uliokua peke yake malishoni, kwa sababu mti wa namna hiyo huota ukipigana na upepo na nyuzi zake huwa ngumu. Manahodha wazee wa nyangumi, ambao nao hawakuwa na shughuli nyingi tena, walikuja kukaa na kuzungumza wakimtazama, wakahukumu kwamba omo ile ingeweza kuvunja barafu. Hawakukosea sana. Miaka michache baadaye, katika visiwa vya Keeling vilivyomo katika Bahari yetu ya Hindi, omo hiyo iligonga tumbawe, tumbawe likapasuka, mti haukupata hata mkwaruzo.

Wakati wa kukalafati lilizuka bishano ambalo lingeweza kutokea Lamu au Zanzibar. Slocum alishindilia pamba, na mzee mmoja akapiga kelele kwamba pamba itatambaa itoke. Kila bandari ina mzee wa namna hiyo. Pamba haikutoka. Chini akapaka rangi ya shaba, ambayo huwatisha wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, kazi ambayo sisi huifanya kwa deheni na kwa moto wa makuti makavu. Mlingoti ukatoka katika misitu ya New Hampshire. Chombo kilipokamilika kilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9, upana wa futi 14 na inchi 2.

Hapo lazuka swali la wanafalsafa. Mkuku mpya, mataruma mapya, mbao mpya, sitaha mpya: hiyo bado ni Spray? Slocum mwenyewe anakiri kwamba mabadiliko yalikwenda polepole mno hata hakujua ni wapi ya kale ilikufa na mpya ikazaliwa. Alijitetea kwa kanuni ya Lloyd's ya London, kwamba chombo kilichotengenezwa kidogo kidogo kutoka kile cha zamani, hata kikawa kipya chote, kinabaki na jina lake. Kwetu hakuna aliyewahi kusumbuka na swali hilo. Jahazi hubadilishwa ubao huu mwaka huu na ule mwaka ujao, na mjukuu hurithi chombo ambacho huenda hakina msumari hata mmoja alioupigilia babu, na bado watu husema hicho ni chombo cha babu yake fulani.

Turudi kwenye fedha. Dola 553 na senti 62 ni gharama ya vifaa. Wanaosimulia habari za Slocum hupenda kuitaja hesabu hiyo kwa mshangao, kana kwamba aliokota mashua sokoni. Mimi naiona hesabu hiyo ina tundu kubwa kuliko matundu yote aliyoyaziba, na tundu hilo Slocum hakulificha. Katika sentensi hiyo hiyo anasema ilimchukua miezi 13 ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikaa Fairhaven muda mrefu zaidi ya hapo, kwa sababu kila mara alisimamisha kazi yake akaenda kufanya kibarua kwenye merikebu za nyangumi zilizokuwa zikiandaliwa bandarini, apate chakula.

Basi weka bei ya miezi 13. Weka mshahara wa seremala, wa fundi kalafati, wa mchonga mlingoti, wa msimamizi anayejua mti upi wa kukata na upi wa kuacha. Wote hao walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikwisha kuunda Liberdade katika pwani ya ugenini baada ya kupoteza kila kitu. Ukiwaajiri watu hao wanne kwa miezi 13, mashua ile si ya dola 553 tena. Ilikuwa rahisi kwa sababu moja tu: fundi hodari alikuwa hana thamani sokoni mwaka huo. Na katika hesabu hiyo mkewe hayumo, wala watoto.

Fundi mmoja wa Bagamoyo aliwahi kunieleza jambo hilo kwa njia yake. Mteja, alisema, hununua mbao bila kelele kwa sababu bei ya mbao imeandikwa dukani. Hununua misumari bila kelele. Wakifika kwenye ufundi ndipo anapoanza kulia njaa. Mbao haina watoto, akasema, lakini hailaliwi bei. Sina la kuongeza.

Lakini si haki kumwonyesha Slocum kama mtu wa kusikitikiwa tu, maana alikuwa bahili mwenye akili, na ubahili wake una mpaka uliochorwa wazi. Mkukuni hakubania. Katika mataruma, katika omo, katika mbao za ubavuni hakubania hata kidogo. Alibania katika vitu ambavyo vikiharibika havimzamishi mtu. Baada ya kuishusha mashua alijaribu uvuvi msimu mmoja, akagundua kwamba hajui hata kutia chambo, kisha akaamua jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuizunguka dunia peke yake. Alitweka tanga Boston tarehe 24 Aprili 1895, akiwa na miaka 51. Alihitaji mtumbwi wa kwendea nchi kavu, lakini mtumbwi mzima haukuenea sitahani. Akachukua mmoja uliotupwa, akaukata katikati kwa msumeno, akaziba upande uliokatwa kwa mbao. Nusu hiyo ilimvusha, na siku za kufua ikawa beseni.

Na saa. Nahodha wa siku zile alihitaji saa maalumu ya baharini, isiyopoteza sekunde, ili ajue yuko umbali gani mashariki au magharibi. Slocum alikuwa nayo ya zamani, lakini fundi alitaka dola 15 kuisafisha na kuirekebisha. Akaiacha. Huko Yarmouth, Nova Scotia, akanunua saa ya bati. Bei yake ilikuwa dola moja na nusu, ila kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika mwenye duka akamwachia kwa dola moja. Njiani ikapoteza mkono wa dakika, ikasimama, akaichemsha katika maji, ikaendelea. Watu hucheka wakisikia hivyo. Wasicheke kabla ya kuuliza aliwezaje. Aliweza kwa kuwa alijua njia ya zamani na ngumu ya kupima umbali wa mwezi kutoka kwenye nyota na jua na kupiga hesabu ndefu, na huko Bahari ya Pasifiki hesabu yake ilipokataa alitafuta hadi akaliona kosa ndani ya kitabu cha majedwali chenyewe. Ile saa ilikuwa ya dola moja kwa sababu kichwa kilichokuwa nyuma yake hakikuwa cha dola moja.

Katika Mlango wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika, alitandaza sitahani usiku misumari midogo ya zulia, ncha juu, aliyopewa na nahodha rafiki yake, na wenyeji waliopanda kimya kimya wakaikanyaga wakaruka majini. Ni mlinzi wa bei nafuu kweli. Slocum anawasimulia watu hao kwa neno ambalo wazee wetu nao waliitwa, na hakujiuliza nchi ile ni ya nani. Hilo nalipita, lakini silipiti bila kulitaja. Huko huko aliokota ufukweni mapipa ya shahamu ya merikebu iliyovunjika, akayapakia. Alipofika kisiwa cha Juan Fernández akakaanga maandazi kwa shahamu hiyo, wakazi wakayapenda, akawafundisha kupika, halafu akawauzia shahamu. Walimlipa kwa sarafu za kale zilizotoka katika merikebu iliyozama. Melbourne, Australia, walipomtoza ushuru wa bandari, aliutoza umma peni sita kwa kila anayetaka kuitazama mashua. Wateja walipopungua akavua papa, akawatoza kumtazama papa.

Mwishoni mwa 1897 Spray ilitia nanga Durban, na hapo Slocum akakutana na mtu ambaye jina lake halihitaji kuelezwa katika pwani hii: Henry Morton Stanley. Stanley alimwuliza kama mashua yake ina vyumba visivyopitisha maji, na itakuwaje ikigonga mwamba. Slocum akajibu kwamba vyumba havitaisaidia. Dawa ni kuiweka mbali na miamba. Stanley aliuliza kama mtu mwenye mali. Mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliundwa Uingereza kwa vipande, na mwaka 1874 wapagazi waliibeba mabegani kutoka Bagamoyo hadi ziwa Nyanza. Ilipewa jina la mchumba wake. Mabega yaliyoibeba hayakupewa jina lolote.

Slocum aliwasili Newport, Rhode Island, tarehe 27 Juni 1898, baada ya zaidi ya maili 46,000. Hakuna binadamu aliyekuwa ameizunguka dunia peke yake kwa tanga kabla yake. Mwaka 1900 kitabu chake kilitoka, kikauzwa vizuri. Mwaka 1901 aliipeleka Spray kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo, watu wakalipa kuiona. Akanunua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard. Majirani wa Fairhaven waliouliza kama italipa walikuwa wamepata jibu.

Ila chombo cha mbao hakitengenezwi mara moja. Wenye majahazi wanaonisikiliza wanalijua hili kuliko mimi: ile miezi 13 haikuwa malipo ya mwisho, ilikuwa kianzio. Bila ya kupandishwa, kukwanguliwa na kukalafatiwa msimu hadi msimu, mwaloni wa malishoni nao huoza kama mti mwingine wowote. Walioiona Spray katika miaka yake ya mwisho wamesimulia kwamba kamba zilikuwa zimechakaa na mashua imeachwa iendelee hivyo hivyo, na mwenyewe pia alikuwa amechoka, ameingia umri wa miaka sitini na kitu, akisafiri kila majira ya baridi kwenda visiwa vya joto vya Karibi. Safari moja kati ya hizo hakurudi. Haikuonekana Spray, wala ubao wake, wala ile nusu ya mtumbwi. Mwaka 1924 sheria ikamtangaza kuwa marehemu.

Wapo wanaosema mbao zilifumuka baharini. Wapo wanaosema alikuwa amelala chini, usukani umefungwa kama alivyozoea kuuacha ujiongoze wenyewe, na meli ya moshi ikampitia juu gizani bila hata kuhisi kishindo.